Nguo ya Kuazima: Maisha na Urithi wa Bendi ya The Specials

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Neno hili ni kweli katika mambo ya mavazi, kwa sababu mwenye nguo aweza kuitaka wakati wowote, na aliyeiazima akabaki uchi mbele ya watu. Lakini katika mambo ya sanaa methali hii yataka kutazamwa upya. Hapana taifa lililojitungia nyimbo zake zote peke yake, wala hapana lugha isiyokuwa na maneno ya jirani. Ngoma huvuka bahari bila hati ya safari, na ifikapo ugenini hupata walezi ambao hawakuwapo wakati wa kuzaliwa kwake. Basi swali lifaalo kuulizwa juu ya msanii si kama ameazima, bali ameazima kwa namna gani: kama alimtaja mwenye mali, kama alikitumia alichoazima kwa kazi ya haki, na kama alirudisha kitu. Maisha ya The Specials, bendi ya mji wa Coventry katika Uingereza, yanalijibu swali hili vizuri. Bendi hiyo iliishi miaka michache tu katika umbo lake la kwanza. Iliazima mengi, ikalipa madeni yake mengi, na ikashindwa kulipa deni moja.

Muziki walioazima uliitwa ska. Ulizaliwa Jamaica mwishoni mwa miaka ya 1950, ukakomaa wakati kisiwa hicho kilipopata uhuru wake tarehe 6 Agosti 1962. Ulikuwa mtoto wa wazazi wengi: mento, iliyo ngoma ya wenyeji wa kisiwa, jazi, na nyimbo za Wamarekani weusi, zilizosikika katika redio na katika madansa ya vipaza sauti mitaani Kingston. Alama ya ska ni pigo lake. Mtu akihesabu moja, mbili, tatu, nne kwa mguu wake, gitaa na kinanda hujibu katikati ya hesabu, wakati mguu umeinuliwa, hata mwili mzima ukawa kama unaovutwa juu. Juu ya pigo hilo hupita sauti za tarumbeta, saksafoni na tromboni. Wengi wa mabingwa wa vyombo hivyo walilelewa katika shule ya Alpha, Kingston, ambako masista wa Kikatoliki waliwatunza watoto wa kiume wa maskini na kuwafundisha muziki. Mmoja wao alikuwa Rico Rodriguez, aliyezaliwa Havana mwaka wa 1934 akakulia Jamaica. Alijifunza tromboni shuleni hapo kwa Don Drummond, mwanafunzi aliyemtangulia, kisha mwaka wa 1961 akahamia Uingereza. Jina lake litarudi mbele ya habari hii.

Kwao Jamaica muziki wa ska haukukaa sana. Kufika mwaka wa 1966 pigo lilikuwa limepunguza mwendo likaitwa rocksteady, na kufika 1968 ilikuwa imezaliwa rege. Lakini muziki uliokwisha kuwa wa jana Kingston ulikuwa umekwisha kuvuka bahari pamoja na watu wake. Tangu Juni 1948, meli iitwayo Empire Windrush ilipotia nanga Tilbury, maelfu ya watu wa visiwa vya Karibi walikwenda Uingereza kufanya kazi katika viwanda, hospitali na magari ya abiria. Walichukua santuri zao masandukuni. Watoto wa Kiingereza waliokaa nao mtaa mmoja wakazisikia kupitia ukutani, wakazipenda kabla ya kujua zimetoka wapi. Mwaka wa 1964 wimbo My Boy Lollipop wa Millie Small, msichana wa Jamaica, ulipanda hata nafasi ya pili katika orodha ya santuri zilizouzwa sana Uingereza.

Coventry ni mji wa katikati ya nchi. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Wajerumani ziliuangamiza, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Mikaeli likabaki kuta tupu. Baada ya vita kuta hizo hazikubomolewa, bali kanisa jipya lilijengwa ubavuni mwake, likawekwa wakfu mwaka wa 1962 na kufanywa alama ya upatanisho baina ya maadui. Viwanda vya magari viliwapa watu kazi, na wafanyakazi wakaja kutoka Scotland, Ireland, India, Pakistan na Jamaica. Palipokuwa na kazi palikuwa na amani ya namna yake. Kazi zilipoanza kupungua katika miaka ya 1970, baadhi ya watu walimtazama jirani yao mweusi kama mwizi wa mkate wao, na chama cha National Front kiliwakuta vijana wasio na kazi kikawafundisha chuki.

Katika mji huo, mwaka wa 1977, Jerry Dammers aliunda bendi. Dammers alikuwa mwana wa kasisi aliyepata kutumika katika kanisa hilo kuu. Alizaliwa India, akasoma sanaa za uchoraji katika chuo cha Coventry, na huko alikutana na Horace Panter, mpigaji wa gitaa la besi. Pamoja nao alikuwapo tangu mwanzo Lynval Golding, mpigaji wa gitaa. Baadaye wakaja Terry Hall, mwimbaji mwenye uso mkavu usiocheka; Roddy Byers, mpigaji wa gitaa wa pili; Neville Staple, aliyeanza kwa kubeba vyombo vya bendi akaishia kushika kipaza sauti; na John Bradbury, mpigaji wa ngoma. Golding na Staple walizaliwa Jamaica, wakaletwa Uingereza wangali watoto. Basi walikuwa watu saba, wawili weusi na watano weupe, na sura yao jukwaani ilikuwa hotuba kabla ya neno la kwanza kuimbwa.

Hapo kwanza hawakujua jinsi ya kuchanganya walivyovipenda. Vijana weupe walikuwa na panki, muziki wa haraka na hasira uliokuwa umezuka Uingereza. Wengine walikuwa na rege. Bendi ilipiga wimbo mmoja wa panki, kisha mmoja wa rege, na wachezaji wakawa kama watu wanaopandishwa na kushushwa garini kila baada ya hatua kumi. Mwaka wa 1978 Joe Strummer aliwachukua wasafiri pamoja na bendi yake, The Clash, na katika safari hiyo waliona kwa macho yao ghasia za vijana walionyoa vichwa waliofuata siasa za ubaguzi. Dammers akatambua mambo mawili. La kwanza, kwamba ska ya zamani ilikuwa na mwendo wa haraka kama panki na pigo la Jamaica kama rege, kwa hiyo katika ska mikondo miwili ingeweza kukutana bila mmoja kuumeza mwenziwe. La pili, kwamba vijana walioipenda ska na kuvaa kama Wajamaica, nao wakawachukia Wajamaica, walikuwa katika ujinga wa kutojua asili ya kitu wanachokipenda. Dawa ya ujinga huo ni kuwaonyesha mwenye mali.

Mwaka wa 1979, kwa fedha za kukopa, walitoa santuri yao ya kwanza, Gangsters. Wimbo huo ulijengwa juu ya Al Capone, wimbo wa Prince Buster, mmoja wa wakubwa wa ska wa Jamaica. Upande wa pili wa santuri uliwekwa kipande cha muziki kilichoitwa The Selecter, na kutokana na kipande hicho ikazaliwa bendi nyingine ya Coventry yenye jina hilo, ikiongozwa na sauti ya Pauline Black. Gangsters ulifika nafasi ya sita. Dammers akaanzisha nembo ya santuri iitwayo 2 Tone, chini ya kampuni ya Chrysalis, akaipa alama ya mirabaraba myeusi na myeupe na picha ya mtu aliyevaa suti nyeusi, tai nyembamba na miwani ya jua. Picha hiyo nayo haikuzuliwa tu: ilichorwa kwa kufuata sura ya Peter Tosh katika jalada la santuri ya zamani ya The Wailers. Bendi iliyotoa santuri moja kwa 2 Tone ilikuwa huru kwenda zake, na ndivyo walivyopita mlangoni hapo Madness, waliomwimbia Prince Buster sifa katika wimbo wao wa kwanza, The Beat ya Birmingham, na The Bodysnatchers, bendi ya wanawake watupu. Katika Novemba 1979 The Specials, The Selecter na Madness walionekana wote katika kipindi kimoja cha televisheni, Top of the Pops. Shuleni kote Uingereza watoto walivaa mirabaraba.

Hapa ndipo yafaa kutazama jinsi walivyolipa. Katika santuri yao kubwa ya kwanza, iliyosimamiwa na Elvis Costello na kutolewa Oktoba 1979, umo wimbo A Message to You, Rudy. Wimbo huo ulitungwa na Dandy Livingstone, Mjamaica aliyekaa Uingereza, na kutolewa naye mwaka wa 1967. Ni nasaha kwa kijana mtundu aache ujeuri kabla haujampeleka pabaya. Aliyepuliza tromboni katika santuri ya mwaka wa 1967 alikuwa Rico Rodriguez. The Specials walipotaka kuuimba upya hawakumtafuta kijana wa Kiingereza amwigize Rico. Walimtafuta Rico mwenyewe. Kwa hiyo katika santuri mbili zilizotengana miaka kumi na miwili yasikika pumzi ya mtu mmoja. Rico akasafiri nao na kupanda nao jukwaani, mzee wa miaka arobaini na mitano katikati ya vijana, na nembo ya 2 Tone ikatoa santuri zake mwenyewe, That Man Is Forward mwaka wa 1981 na Jama Rico mwaka wa 1982. Kumtaja mwalimu ni adabu; kumpa nafasi ya kusema kwa kinywa chake ni zaidi ya adabu.

Lakini kulipa deni kwa Jamaica hakukuondoa uadui wa nyumbani. Mwanzoni mwa mwaka wa 1980 santuri iliyonasa maonyesho yao jukwaani, yenye wimbo Too Much Too Young, ilishika nafasi ya kwanza katika Uingereza nzima. Na mwaka huohuo Golding alipigwa na wabaguzi London akaumizwa, akatunga wimbo wa kuwauliza waliompiga sababu ya kitendo chao. Wako waliokuja kucheza katika madansa ya The Specials huku wakipiga kelele za National Front. Mtu aweza kupenda wimbo kwa miguu yake na kuukataa kwa moyo wake. Hili ni jambo ambalo kila mtungaji wa nyimbo za maadili hana budi kulijua. Mara nyingine bendi ilisimamisha muziki ili ugomvi ukome. Katika Aprili 1981 kijana mwanafunzi wa asili ya Kihindi aliuawa kwa kisu mchana katikati ya Coventry. The Specials wakafanya dansa kubwa katika uwanja wa mji wao, Juni mwaka huo, kwa ajili ya amani baina ya watu wa rangi mbalimbali.

Juni hiyohiyo ulitoka wimbo wao mkubwa kupita yote, Ghost Town, yaani mahame. Dammers aliutunga baada ya kusafiri na kuona miji ya Uingereza ikifa: maduka yamefungwa Liverpool, na Glasgow wazee wakiuza barabarani vyombo vya nyumba zao. Kiwanda kikubwa cha magari cha Canley, Coventry, kilikuwa kimeacha kuunda magari mwaka wa 1980, na watu wasio na kazi katika nchi walikuwa zaidi ya 2,500,000. Wimbo ulirekodiwa katika chumba kidogo mjini Leamington, chini ya John Collins. Haupigi kelele. Kinanda chake hutembea polepole kama mlinzi wa usiku, sauti za waimbaji hulia kama upepo katika nyumba isiyo na paa, na tromboni ya Rico hupita katikati kama mtu anayemtafuta ndugu aliyepotea. Maneno yake ni machache: majumba ya dansa yamefungwa, kazi hakuna, watu wanapigana, na wenye mamlaka hawajali. Katika Aprili mtaa wa Brixton, London, ulikuwa umekwisha kuwaka moto. Julai ghasia zikazuka Toxteth katika Liverpool, Moss Side katika Manchester, na katika miji mingine mingi; na wiki hizo hizo Ghost Town ulikuwa katika nafasi ya kwanza, ukakaa hapo wiki tatu. Ni nadra kwa wimbo kufika kwa wasikilizaji saa ileile ambayo jambo unalolisema linatendeka mbele ya milango yao.

Hapa lilijidhihirisha deni lisilolipwa. Watu saba walioimba umoja hawakuwa na umoja. Dammers, aliyekuwa na maono, aliwabebesha wenzake maono hayo bila kuwapumzisha. Wengine walikuwa na nyimbo zao na fahari zao. Safari zilikuwa nyingi na usingizi mdogo. Vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana, lakini hivi viligongana hata vikavunjika. Ghost Town ulirekodiwa katikati ya magomvi, na baada ya kuuimba katika Top of the Pops, Hall, Staple na Golding waliwaambia wenzao kwamba wanaondoka. Wakaunda bendi yao, Fun Boy Three. Basi bendi iliyoimba mahame ikawa yenyewe mahame, siku zile zile ilipokuwa juu kuliko bendi zote za nchi.

Dammers alibaki na jina la The Special AKA na wanamuziki wapya. Alifanya kazi polepole mno, na gharama za kurekodi zikamtia katika deni zito kwa kampuni. Lakini katika mabaki hayo ulitoka wimbo ambao pengine ulikwenda mbali kuliko nyimbo zote za wale saba. Mwaka wa 1983 Dammers alihudhuria London tamasha la muziki wa Kiafrika lililofanywa kwa heshima ya Nelson Mandela, ambaye habari zake hakuwa akizijua. Mwaka wa 1984 akatoa wimbo wa kudai afunguliwe, ukiimbwa na Stan Campbell na kusimamiwa tena na Elvis Costello. Hauna maombolezo, ni wimbo wa furaha, kana kwamba mlango wa gereza umekwisha kufunguliwa na wanaochelewa ni walinzi tu. Ulifika nafasi ya tisa. Mwaka wa 1986 Dammers alianzisha Uingereza umoja wa wasanii waliopinga ubaguzi wa Afrika Kusini, na juhudi zake zilichangia dansa kubwa la Wembley la tarehe 11 Juni 1988, Mandela alipokaribia kutimiza miaka sabini. Tarehe 11 Februari 1990 Mandela alitoka gerezani; Aprili mwaka huo alisimama mwenyewe Wembley. Mwaka wa 2014 serikali ya Afrika Kusini ilimpa Dammers nishani ya O. R. Tambo.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki jambo hili lina upande wake. Jina ambalo kijana wa Coventry alilisikia mwaka wa 1983 halikuwa geni Dar es Salaam, ambako Mandela alifika mwaka wa 1962 akaonana na Julius Nyerere. Wala Morogoro, ambako chama cha A.N.C. kilipata makao, na ambako shule ya Solomon Mahlangu ilijengwa Mazimbu kwa watoto wa wakimbizi. Wimbo haukumfungua Mandela. Waliomfungua ni watu wa Afrika Kusini waliokufa na kufungwa, pamoja na majirani waliowapa ardhi na chakula. Lakini wimbo ulifanya kazi ambayo ardhi na chakula havikuweza kuifanya: uliliingiza jina la mfungwa katika vyumba vya vijana wa Ulaya waliokuwa hawasomi magazeti.

Miaka ishirini na zaidi ilipita. Katika mwaka wa 2009 The Specials walirudi jukwaani, wote isipokuwa Dammers, aliyekuwa mwanzilishi. Na magomvi ya zamani yalizungumzwa tena hadharani. Watu walijaa kuwasikiliza, wengi wao wakiwa na mvi na watoto wao mkononi. Lakini idadi yao iliendelea kupungua: Staple akaondoka, Byers akaondoka, Bradbury akafariki Desemba 2015, miezi michache baada ya Rico Rodriguez. Santuri kubwa Encore, iliyotoka mwaka wa 2019, ilikuwa kazi ya watatu katika wale saba, Hall, Golding na Panter. Nayo ndiyo santuri yao kubwa ya kwanza kushika nafasi ya kwanza Uingereza, miaka arobaini baada ya santuri yao ya kwanza. Terry Hall alifariki tarehe 18 Desemba 2022, akiwa na miaka 63, na bendi ikafika mwisho wake.

Urithi wao waweza kuhesabiwa kwa njia nyingi. Marekani, katika miaka ya 1990, bendi kama Rancid na The Mighty Mighty Bosstones zilijaza viwanja kwa ska iliyochanganywa na panki, na vijana wengi wa huko waliijua ska kwanza kwa njia ya Coventry ndipo wakaitafuta Kingston. Coventry yenyewe, iliyokuwa mahame katika wimbo, ilifanya maonyesho ya habari za 2 Tone katika jumba lake la sanaa mwaka wa 2021. Lakini hesabu iliyo kubwa zaidi ni ile ya madeni. Kwa Jamaica walilipa kwa kuwataja walimu wao na kuwapa nafasi. Kwa Coventry walilipa kwa kusema ukweli wa mji wao wakati wakubwa walipokuwa wakinyamaza. Kwa mfungwa wa mbali, ambaye hawakuwa na deni naye isipokuwa deni la utu, mmoja wao alilipa kwa wimbo na kwa miaka ya kazi. Hawakuweza kulipana wao kwa wao.

Wako wasemao kwamba kushindwa huko kunaubatilisha ujumbe wao, kwa kuwa aliyeshindwa kukaa na watu sita hana haki ya kuifundisha nchi kukaa na mamilioni. Hoja hii ina nguvu, ila imesahau jambo moja. Waliogombana hawakugombana kwa rangi. Golding na Staple waliondoka pamoja na Hall, mweupe, na Bradbury, mweupe, akabaki na Dammers. Mstari uliowagawa haukupita pale ambapo National Front ilitaka upite. Waligawanywa na mambo yanayowagawa ndugu wa tumbo moja: kiburi, uchovu, fedha na kutosikilizana. Walikuwa wamekwisha kulivuka bonde pana, wakajikwaa katika kizingiti cha nyumba yao wenyewe. Jambo hilo ni la huzuni, lakini bonde lilivukwa kweli, na daraja limebaki mahali pake kwa wapitao baadaye. Nguo ya kuazima iliwasitiri kwa sababu walimtaja aliyeifuma. Pale walipoonekana uchi, ilikuwa ni kwa kukosa nguo ambayo haiazimwi kwa mtu yeyote, nayo ni subira ya mtu kwa mwenziwe.